Dalali Asiyeogopa Mashahidi

Msafiri aingiaye Goma au Bukavu huona jambo moja ambalo wageni hulishangaa. Juu ya kuta na malango ya nyumba nyingi yameandikwa kwa rangi maneno makubwa: nyumba hii haiuzwi. Pengine yameandikwa kwa Kifaransa, pengine kwa Kiswahili, lakini maana yake ni moja. Mgeni huuliza: “Kwa nini mtu aandike kwamba nyumba yake haiuzwi? Je, si kila nyumba haiuzwi mpaka mwenyewe atakaposema kwamba anaiuza?” Mwenyeji hucheka kidogo, kisha hujibu: “Ndugu yangu, hapa kwetu nyumba yaweza kuuzwa na mtu usiyemjua, kwa mtu usiyemjua, nawe umelala ndani.”

Maandiko yale ya ukutani ni kilio cha watu waliokwisha kuumia. Nyuma ya kila andiko kuna hadithi ya karatasi ya uongo, ya ndugu aliyeuza kisirisiri, au ya mtu wa kati aliyepokea fedha za watu wawili kwa kiwanja kimoja. Mtu huyo wa kati ndiye tunayetaka kumzungumzia leo. Wengine humwita dalali. Katika miji yetu ya Kivu wengi humwita komisioneri. Yupo dalali mwema, naye ni msaada mkubwa. Yupo pia dalali mbaya, naye aweza kuharibu katika asubuhi moja kazi ya miaka ishirini. Je, mtu atawatambuaje?

Kwa nini watu wa Kashebere?

Huenda msomaji wa Kashebere akasema: “Mambo hayo ni ya mjini. Sisi yanatuhusu nini?” Yanatuhusu sana. Kashebere ipo mahali Masisi na Walikale zinapopakana, kando ya barabara itokayo Masisi kupitia Nyabiondo kuelekea Walikale. Nyumba nyingi za huko ni za mbao, au za miti na udongo, zimeezekwa kwa mabati au kwa majani. Mtu wa mjini apitaye aweza kuidharau nyumba ya namna hiyo. Lakini jamaa iliyoijenga yajua thamani yake. Kila bati lilinunuliwa kwa maharagwe yaliyolimwa kwa jasho, na kila ubao ulibebwa kutoka msituni. Nyumba ile ndiyo akiba ya jamaa, maana wengi hawana akiba nyingine.

Tena wako wazazi wa Kashebere walionunua kiwanja kidogo huko Sake au Goma, ili watoto wasomao wapate mahali pa kulala, au ili siku ya kukimbia wasianguke barabarani. Na siku za kukimbia zimekuwa nyingi. Tangu Machi 1993, machafuko yalipoanza huko Ntoto katika Walikale yakaenea Masisi, vita vimepita na kurudi mara nyingi. Mwezi wa Januari 2025 mji wa Masisi uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na mwishoni mwa mwezi ule ule Goma nayo ikaingia. Mwezi wa Machi 2025 waasi walifika mpaka Walikale penyewe, kisha wakaondoka mwezi uliofuata. Katika nyakati kama hizo baba huuza kiwanja apate nauli, mama huuza nyumba apate dawa, na kijana huuza shamba la marehemu baba yake apate chakula cha wadogo zake.

Mwuzaji mwenye haja ni kama mtu mwenye kiu kisimani: hatazami sana chombo anachonyweshewa. Dalali mbaya ajua hivyo. Hafuati nyumba nzuri, bali hufuata nyumba yenye msiba, ugonjwa au hofu. Kwa hiyo shauri la kwanza ni kwamba mtu amchague dalali wake kabla ya haja kumshika koo, au akishikwa na haja, asiamue peke yake.

Wauza kitu gani?

Kabla ya kumtafuta dalali, mwenye nyumba hana budi kujua anauza kitu gani. Watu husema, “Nauza udongo wangu.” Lakini katika Kongo, tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali, wala haiuzwi. Mtu ana haki ya kuikalia na kuitumia, na vitu alivyojenga au kupanda juu yake ni mali yake. Anapouza, huuza nyumba yake na kumwachia mwingine haki ile aliyopewa.

Haki hiyo huthibitishwa kisheria kwa karatasi moja kuu, yaani sertifika ya uandikisho, itolewayo na mhifadhi wa hati za ardhi, ambaye watu humwita konservateri. Lakini wenye sertifika ni wachache. Wengi wa mjini wana fishi ya parseli tu, au akti ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mkuu wa mtaa. Na vijijini, kama Kashebere, wengi hawana karatasi hata moja. Haki yao imesimama juu ya desturi, juu ya neno la mwami na wakuu wa kijiji, na juu ya ushuhuda wa majirani. Sheria ile ya 1973 iliahidi kwamba amri ya Rais itaeleza haki za watu wanaokaa kwa desturi. Miaka mingi ilipita, na amri ile haikutolewa. Ndiyo maana mkulima mwaminifu aliyelima shamba la babu yake aweza kushangaa siku moja anapoonyeshwa karatasi ya mtu asiyemfahamu.

Kuna jambo jingine ambalo kila mwenye nyumba na alishike moyoni. Sheria husema kwamba haki iliyoandikwa katika sertifika, ikipita miaka miwili, haiwezi tena kuondolewa. Aliyedhulumiwa baada ya hapo aweza kudai fidia ya fedha tu, wala si kurudishiwa kiwanja chenyewe. Basi waona hatari yake: karatasi zako zikichukuliwa na mjanja, akajipatia sertifika kwa hila, nawe ukakaa kimya miaka miwili ukidhani mambo yatajinyosha yenyewe, huenda umekwisha kupoteza nyumba. Kwa sababu hiyo karatasi haziazimwi. Dalali akitaka kumwonyesha mnunuzi, apewe nakala. Karatasi yenyewe ikae kwako, na mnunuzi aje kuiona mbele ya macho yako.

Mazungumzo ya mlangoni

Hebu tuwaze mama mmoja mjane wa Kashebere aliyekimbilia Goma. Mume wake alimwachia kiwanja chenye kibanda cha mbao. Ada za shule zimemlemea, naye amewaambia jirani wawili tu kwamba atauza. Asubuhi kijana mmoja aliyevaa vizuri abisha hodi.

“Jambo, Mama.”

“Jambo, mwanangu. Karibu.”

“Nimesikia kwamba wauza parseli. Nina mnunuzi wa kweli, fedha anazo mkononi. Nipe karatasi nimpelekee azitazame, jioni nitakurudishia.”

“Asante, mwanangu. Lakini wewe wakaa wapi?”

“Hapa mjini tu, Mama. Kila mtu ananifahamu.”

“Ajulikanaye na watu wote hakosi jirani mmoja. Nitajie jirani yako, nami nitatuma mtoto akamsalimu.”

“Mama, mnunuzi ana haraka. Ukichelewa ataondoka.”

“Basi na aondoke kwa amani. Atakaye kununua kiwanja cha watoto wangu bila kuonana na majirani zangu, sitaki fedha zake.”

Mama huyu hakusoma vitabu vya sheria, lakini alimpima kijana kwa mizani mitatu. Kwanza, kijana alitaka karatasi zenyewe. Pili, hakuwa na makao yanayojulikana. Tatu, alileta haraka. Dalali mwenye moja la mambo hayo matatu yafaa achunguzwe, na mwenye yote matatu asipewe hata kiti. Lakini zaidi ya hayo, mama aliona alama kuu inayozishinda zote: kijana aliwaogopa mashahidi.

Kazi ya dalali na ujira wake

Neno dalali limetujia kutoka pwani, nalo lina asili ya Kiarabu. Maana yake ni mtu anayekutanisha mwenye mali na mwenye fedha, naye hulipwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kutafuta mnunuzi, kumleta aone nyumba, kusaidia watu wapatane bei, na kuwasindikiza ofisini. Dalali si mwenye nyumba. Hatii sahihi badala yako, hapokei fedha za nyumba, wala hatunzi karatasi zako. Ukimwachia moja la mambo hayo, umemfanya mwenye nyumba, na wewe umekuwa mpangaji.

Ujira wake ni haki yake. Mfanya kazi astahili malipo, na si vema kumtumia mtu mwezi mzima kisha kumzunguka mlango wa nyuma na kupatana na mnunuzi wake. Wako wauzaji wafanyao hivyo, kisha hulalamika kwamba madalali si waaminifu! Katika miji yetu mara nyingi husikika asilimia 5 au asilimia 10 ya bei. Basi nyumba ikiuzwa dola 8,000, ujira ni dola 400 au dola 800. Tofauti hiyo ni kubwa. Yatosha kununua mabati mengi. Kwa hiyo ujira usemwe mwanzoni, tena uandikwe, pamoja na neno kwamba utalipwa siku ile mwuzaji atakapokuwa amepokea fedha zake, wala si kabla. Dalali aombaye fedha za kutembea, fedha za simu, fedha za kumlainisha mkubwa fulani, na matabishi kila anapokuja, huyo amekwisha kupata kazi nyingine: kazi yake ni wewe.

Iko hila moja iliyo ya kawaida mno, nayo yafaa kuielezea kwa hesabu. Dalali amwambia mwuzaji: “Mnunuzi anatoa dola 6,000.” Kisha amwambia mnunuzi: “Mwuzaji anataka dola 8,000.” Awazuia wasionane, akisema kwamba mwuzaji ni mgonjwa, au kwamba mnunuzi ni mtu mkubwa asiyependa kujulikana. Mnunuzi atoa 8,000 mkononi mwa dalali. Dalali ampelekea mwuzaji 6,000, kisha adai sehemu yake ya kumi, yaani 600. Mwuzaji abaki na 5,400. Dalali ameondoka na 2,600, karibu nusu ya kile alichopata mwenye nyumba, naye hakutwaa hata msumari mmoja kuijenga. Dawa ya hila hii ni nyepesi, nayo haina gharama: mwuzaji na mnunuzi wakae uso kwa uso, na bei itamkwe kwa sauti mbele ya wote. Dalali anayekataa jambo hili amekwisha kujieleza.

Hila nyingine ni mnyororo wa madalali. Mmoja humwambia wa pili, wa pili humwambia wa tatu, na siku ya malipo waja wanne, kila mmoja na mkono wake. Kwa hiyo patana na mmoja, ukaseme wazi: “Ujira ni huu. Ukiwaita wenzako, mtagawana wenyewe.” Tena mpe muda, kwa mfano miezi mitatu. Muda ukiisha pasipo mnunuzi, kila mtu yu huru.

Maswali ya kuuliza

Mtu asione haya kumwuliza dalali maswali. Tunapomposea kijana wetu mchumba, twauliza ukoo, tabia na majirani. Je, nyumba yahitaji uangalifu mdogo kuliko huo?

Mwulize kwanza: “Umeuza nyumba za nani katika mwaka huu na mwaka jana?” Kisha uende kwa watu hao, kwa mwuzaji na kwa mnunuzi pia. Maana mwuzaji aweza kumsifu kwa sababu alipata fedha upesi, hali mnunuzi angali analia katika baraza la hukumu. Dalali mwema ataje majina pasipo kigugumizi, kwa kuwa hao ndio sifa yake.

Mwulize pili: “Waonaje bei ya nyumba hii, na kwa sababu gani?” Anayejua kazi yake atakuambia kiwanja cha jirani kiliuzwa kwa bei gani, barabara iko mbali kiasi gani, maji yapatikana wapi, na kama gari laweza kufika. Atapima kwa kamba au kwa hatua. Asiyejua atataja bei kubwa mno ili akufurahishe, kisha baada ya miezi miwili atakushusha kidogo kidogo mpaka chini. Usimchague dalali kwa sababu ametaja bei kubwa kuliko wenzake. Maneno hayana gharama.

Mwulize tatu: “Tutaandikia wapi mauzo, na mbele ya nani?” Kama jibu lake ni, “Tutaandika wenyewe nyumbani, ya nini kusumbua watu?” basi agana naye. Dalali mwema atajua ofisi, atajua karatasi zinazotakiwa na fedha za kulipa huko, tena atataka majirani wa pande nne waje.

Na mwisho, nenda wewe mwenyewe kwa mkuu wa nyumba kumi au mkuu wa mtaa anapokaa dalali yule. Mwulize neno moja tu: “Mtu huyu akikukosea, wajua pa kumkuta?” Jibu la swali hilo lina thamani kuliko barua kumi za kumsifu.

Mke, mume na watoto

Mara nyingi adui wa nyumba hakutoka nje. Mume huuza mke akiwa shambani. Kaka mkubwa huuza nyumba ya marehemu baba wadogo zake wakiwa shuleni. Dalali mbaya hupenda mauzo ya namna hii, kwa kuwa mwuzaji wa siri hawezi kudai bei nzuri, wala hawezi kushtaki akidanganywa.

Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yataka mume na mke wote wawili wakubali kabla nyumba au kiwanja chao hakijapita kwa mtu mwingine, hata kama ndoa yao ilifungwa kwa mapatano gani juu ya mali. Na mali ya marehemu ni ya warithi wote: mmoja wao hawezi kuiuza pasipo wenzake, na mjane ana haki zake katika nyumba waliyokaa pamoja. Tena anayeuza nyumba isiyo yake atenda kosa la jinai linaloadhibiwa na sheria. Dalali mwema, kabla ya kutafuta mnunuzi, huuliza: “Baba, Mama yu wapi? Naye akubali?” Baba asikasirike kwa swali hilo. Dalali huyo amlinda yeye pia.

Hapa twataka kuwaambia neno wanafunzi wetu. Akti za mauzo katika nchi yetu huandikwa kwa Kifaransa, na wazazi wengi hawakisomi. Wengi wametia alama ya kidole chini ya maneno waliyosomewa na mtu yule yule aliyetaka kuwadanganya. Ninyi mnaosoma, mna deni kwa wazazi wenu. Siku karatasi itakapoletwa nyumbani, isomeni neno kwa neno kwa sauti, mkaifasirie kwa lugha ya nyumbani: jina la mwuzaji, jina la mnunuzi, vipimo vya kiwanja, majina ya majirani wa pande nne, bei, na tarehe. Kama neno moja hamlielewi, semeni, “Baba, ngoja kwanza tumwulize mwalimu.” Hakuna aibu katika kungoja. Mtoto aliyesomeshwa kwa mazao ya shamba, akalilinda shamba lile kwa kusoma kwake, amelipa ada zake zote.

Huko kijijini

Twarudi sasa Kashebere, ambako pengine hakuna ofisi ya hati karibu, wala sertifika. Je, mtu afanyeje? Wazee wetu hawakuwa na ofisi, lakini hawakugawana ardhi gizani. Huko Bushi, kusini ya Ziwa Kivu, kulikuwa na desturi ya kalinzi: mtu alitoa ng'ombe au mbuzi kwa mwenye ardhi, naye alipewa shamba la kudumu, yeye na watoto wake. Lilitendeka mbele ya mashahidi, ili hata baada ya miaka mingi awepo mtu wa kusema, “Nilikuwapo. Niliona.” Nako Masisi na Walikale neno la ardhi lilipitia kwa mwami na kwa wakuu waliokuwa chini yake.

Hekima hiyo ingali yafaa, lakini leo haitoshi kusikia tu. Yafaa pia kuandika. Basi auzaye nyumba kijijini na awaite majirani wa pande nne, watembee wote mpakani, waitaje miti, vijito na mawe ya mpaka. Amwite mkuu wa kijiji, awaite mkewe au mumewe na watoto waliokwisha kuwa wakubwa. Karatasi iandikwe nakala tatu au nne, kila shahidi aweke sahihi au kidole, na nakala moja ibaki kwa mkuu, nyingine kwa mwuzaji, nyingine kwa mnunuzi. Dalali naye aweke sahihi yake na kutaja makao yake, ili siku ya neno aitwe.

Lakini mashahidi wawe wengi, wala wasiwe mkuu mmoja peke yake. Katika historia ya Masisi mashamba makubwa yalipata karatasi huko mjini, na wakulima waliokaa juu yake hawakuwa na habari. Neno la mkubwa mmoja laweza kununuliwa. Ni vigumu kununua macho ya kijiji kizima.

Watu wa Goma walijifunza jambo hili kwa uchungu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na mawe yaliyoyeyuka yalifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji. Nyumba ziliteketea, karatasi ziliteketea ndani yake, na alama za mipaka zilizikwa chini ya mawe meusi. Watu waliporudi walikuta uwanja mmoja mweusi. Nani angeweza kusema, “Hapa ndipo palipokuwa lango langu”? Karatasi hupona ikiwa ina nakala mahali pengine, na mpaka hupona ukiwa ndani ya kumbukumbu ya jirani. Mnamo tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, ukayafunika makao ya watu kaskazini ya mji. Basi weka nakala ya karatasi zako kwa ndugu mwaminifu akaaye mbali.

Siku ya malipo

Siku ya fedha ndiyo siku ya hatari. Fedha zihesabiwe mkononi mwa mwuzaji, mbele ya mashahidi, mchana, ndani ya nyumba au ofisini; si katika gari, wala si katika kilabu cha pombe. Noti za dola zitazamwe moja moja, kwa sababu noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa sokoni, na noti za bandia zipo. Mtu asitie sahihi kwa ahadi. Kama mnunuzi analipa kwa mafungu, karatasi iseme ni mafungu mangapi na tarehe gani, na haki ipite siku ya fungu la mwisho.

Wako madalali washaurio kwamba akti iandikwe bei ndogo kuliko ile ya kweli, ili ushuru upungue. Usikubali. Neno likifika mbele ya hakimu, ataamini yaliyoandikwa. Mnunuzi aliyetoa 8,000 na kuandika 3,000 atarudishiwa 3,000, na mwuzaji aliyesaini uongo atakosa kinywa cha kusema kweli.

Na fedha zikishapokewa, zisilale ndani ya nyumba ambamo kijiji kizima kimejua kwamba zipo. Mwaka 2025, baada ya Goma kutekwa, mabenki ya mji yalifunga milango, na watu wengi walishindwa kuzifikia akiba zao. Wakati kama huo jamaa ifanye shauri mapema: sehemu ilipe deni, sehemu ilipe shule, sehemu igeuzwe upesi kuwa mali ya kudumu. Nyumba iliyouzwa pasipo shauri huliwa mwaka mmoja.

Neno la mwisho

Tumesema mengi, lakini yote yaweza kukusanywa katika neno dogo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kulishika. Utakapotaka kumchagua dalali, usitazame viatu vyake, wala simu yake, wala wingi wa maneno yake. Mwambie hivi: “Mwanangu, nitakupa kazi hii. Lakini mke wangu atakuwapo, majirani wa pande nne watakuwapo, mkuu wa kijiji atakuwapo, na mnunuzi atakaa mbele yangu. Mtoto wangu atasoma karatasi kwa sauti. Nawe ujira wako utaupokea mbele ya watu hao hao.”

Kisha mtazame usoni. Kama akikunja uso, akasema kwamba mambo hayo yatachelewesha na kuharibu, mshukuru na kumfungulia mlango. Lakini kama akijibu, “Vema, Baba, niambie siku gani niwaite,” mkaribishe aketi, mkaanze kazi.